Yowe Ndani ya Kibofu

Kama umeyafikia maandishi haya kwa sababu mkojo wako umekuwa mwekundu, pole. Sina la kukufundisha kuhusu udaktari. Shahada yangu ni ya jiografia, na katika ugonjwa huu faida yake pekee ilikuwa kujua njia fupi ya kwenda chooni. Ninaandika kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilimtafuta mtu mmoja tu wa kunieleza mambo yanavyokuwa, bila kunitisha wala kunibembeleza, nikamkosa. Niliowapata ni washauri. Tabora washauri hawaadimiki, hata mwaka ambao sukari, sabuni na mafuta ya taa vimeadimika vyote kwa pamoja.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu, nimemaliza Jeshi la Kujenga Taifa, nimepangiwa kazi katika ofisi ya mipango, kazi ya kuchora ramani za vijiji vya ujamaa ambavyo watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa, na vingine walikuwa wamekwisha kuvikimbia. Damu ilianza wakati wa kupandikiza tumbaku, mvua ikiwa imekolea. Haikuuma hata kidogo, na hapo ndipo ilipoanza kunidanganya. Kwetu sisi, mtoto aliyekua akiogelea kwenye majaruba ya mpunga amewahi kukojoa damu. Tulipokuwa wadogo tulishindana mkojo wa nani mwekundu zaidi. Nikajisemea kichocho kimerudi. Zahanati wakanipa dawa ya kichocho, damu ikakoma wiki mbili, nikajipongeza. Ikarudi. Nikapewa dawa tena. Nilipoteza miezi mitano hivyo. Mimi ninayewaza kila jambo mara kumi, ninayerudi nyumbani kuangalia kama nimefunga mlango ambao nakumbuka kabisa kuufunga, jambo hili moja sikuliwaza hata mara moja. Bado linanikera.

Basi ukiona damu mara ya pili, usinywe dawa ya kubahatisha. Nenda hospitali wakutazame ndani.

Mimi nilitazamwa mwanzoni mwa kipupwe. Daktari wetu alikuwa kijana, Mtanzania, karudi kutoka masomoni ng'ambo si muda mrefu. Aliingiza chombo chenye taa kupitia mahali ambapo hukutegemea kitu kuingia, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Naona kitu kama uyoga." Tangu siku hiyo sijala uyoga, na kwetu mvua zikinyesha watu hula uyoga karibu kila siku. Akaukwangua, kipande kikapelekwa Dar es Salaam, na majibu yakachukua wiki tano kurudi. Kwa wiki tano hizo niliandika wosia mara tatu. Sikuwa na mali yoyote isipokuwa baiskeli.

Majibu yalisema ni saratani ya kibofu, lakini ilikuwa bado juu juu kwenye ngozi ya ndani, haijaingia kwenye msuli.

"Katika habari mbaya, hii ni njema," daktari akasema. "Tumeiondoa. Shida yake hupenda kurudi. Ikirudi na kuzama, itabidi kibofu kitolewe, uende Dar, na mkojo utokee tumboni kwenye mfuko."

"Maisha yote?"

"Maisha yote."

Kuanzia hapo sikuwa na shida nyingine duniani. Niliwaza mfuko huo ofisini, niliuwaza msikitini kwenye safu, udhu wangu utakuwaje, harufu, posa. Nilitaka kitu kimoja tu: kibofu changu kibaki mahali kilipoumbwa.

Daktari akasema kuna jambo moja anataka kulijaribu ili isirudi. Huko alikosoma walikuwa wameanza kutia kwenye kibofu chanjo ya kifua kikuu, ile ile inayowaachia watoto kovu begani, ila kwa wingi. Mara moja kwa wiki, wiki sita. Vijidudu vile vimedhoofishwa, akasema, lakini mwili haujui hilo. Chembe nyeupe za damu zinavikuta, zinamwaga protini ndogo ndogo ambazo ni kama ujumbe, ujumbe unaita chembe nyingine, nazo zinaita nyingine, na zikishajaa pale zinaishambulia saratani pia. "Kwa hiyo jioni yake unaweza kupata homa," akasema. "Usiogope. Homa kidogo ni dalili kwamba wanaitana."

Nilimuuliza maswali kumi na manne. Tisa aliyajibu "sijui". Nilikasirika, nikidhani mtu aliyesoma ng'ambo anapaswa kujua. Sasa naona kwamba alikuwa mtu pekee katika kisa hiki chote aliyekiri asichokijua.

Nyumbani kwetu Isevya nilimweleza mama yangu kama nilivyoelezwa: chembe, protini, ujumbe. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, na mama anashona kofia za mkono, kazi ya uvumilivu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye sindano.

"Kwa hiyo wanakutia kifua kikuu," akasema.

"Si kifua kikuu, mama, ni chanjo."

"Kwenye kibofu."

"Ndiyo."

"Kibofu kina kifua?"

Kesho yake mtaa mzima ulijua. Jirani mmoja akaanza kunipa maji kwenye kikombe cha bati ambacho hakikurudishwa kabatini. Shangazi yangu alikuja kutoka Igalula kwa garimoshi, kwa lengo moja la kutuambia kwamba nimerogwa na watu waliohamishwa kwenda vijijini. Nikamwambia sikumhamisha mtu, nilichora ramani tu. "Wao wanajua nani kachora?" akasema. Nikacheka, halafu nikakaa siku nne nikikumbuka nyuso za watu wa vijiji vile, mmoja mmoja.

Dawa ilikuja kwa garimoshi kutoka Dar es Salaam ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Wiki ya kwanza ilichelewa kwa sababu reli ilikuwa na matatizo. Jokofu la hospitali lilikuwa la mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalikuwa ya kuombewa dua. Mama mmoja wa nyumba ya Kiarabu karibu na soko, aliyekuwa akiwauzia watoto barafu, aliniwekea barafu kila Jumatano bila kuuliza ya nini. Sikumwambia, na hakukataa kunipa hata siku moja. Katika mambo ya kushika moyoni, hilo nimelishika.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yetu. Benchi letu lilikuwa kwenye ujia mmoja na kliniki ya watoto, kwa hiyo tulisubiri katikati ya vilio vya wachanga waliokuja kuchomwa chanjo ile ile. Nasema letu kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mzee Maganga, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, mwenye umri wa kunizaa, na ugonjwa wake ulikuwa kama wangu.

"Mwangaluka, msomi," alinisalimu siku ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia wewe ndiye unayejua. Nieleze basi hii dawa inafanya nini, maana daktari kanieleza nikalala."

Nikamweleza tena chembe, protini, ujumbe. Alinitazama kwa huruma.

"Kumbe ni yowe," akasema.

"Si yowe, mzee, ni..."

"Ng'ombe wakiibwa usiku, mtu mmoja anapiga yowe. Jirani akisikia, naye anapiga. Mpaka kijiji cha tatu. Watu wote wanatoka na mikuki, wanamtafuta mwizi. Hivi vidudu vya chanjo vimewekwa tu ili mtu apige yowe. Watu wakishatoka, wanamkuta na yule mwizi mwingine aliyekuwa amejificha kwenye kichaka siku zote. Au nimekosea?"

Alikuwa hajakosea. Nilishikwa na hasira ya kitoto, kama mtu aliyenyang'anywa mtihani wake.

Kuhusu dawa yenyewe, usiogope sana. Mpira mwembamba unaingizwa, unawasha, unatolewa. Kazi iko baadaye: unatakiwa kubana mkojo saa mbili, na kila robo saa unageuka, mara tumbo, mara mgongo, mara ubavu huu, mara ule, dawa ifike kila pembe. Muuguzi anasimama mlangoni na saa yake. "Geuka," anasema, kama anapika chapati. Dakika ya arobaini nilikuwa natetemeka.

"Babu zetu walibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka pwani," Mzee Maganga alisema kutoka kitanda cha pili, naye jasho likimtoka. "Wewe kikombe kimoja cha maji kinakushinda?"

"Wao waliruhusiwa kukojoa njiani, mzee."

Alicheka hadi muuguzi akamkemea kwamba atamwaga dawa.

Wiki ya kwanza, jioni, nilikaa na kipimajoto nikisubiri homa. Haikuja. Nilijisikia mwili mzito kidogo, basi. Alhamisi iliyofuata Mzee Maganga alijisifu kwamba alitetemeka hadi kitanda kikahama. Wiki ya pili, sikupata kitu. Yeye, homa tena. Wiki ya tatu nilijipima kila nusu saa tangu alasiri hadi isha, na zebaki ilisimama pale pale kama imegandishwa. Unaweza kufikiri nilifurahi. Nilivunjika moyo. Niliwaza kwamba yowe linapigwa ndani yangu na hakuna jirani anayetoka. Mwili wangu ulikuwa kijiji kilichohamwa.

Badala ya homa nilipata muwasho. Ulianza viganjani na kwenye nyayo, ukapanda kichwani, siku nzima ya Ijumaa, kama siafu chini ya ngozi. Nikajua kwa hakika kwamba vijidudu vimetoka kwenye kibofu na sasa vinatembea. Jumatatu sikungoja zamu yangu. Nilikwenda hospitali nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka daktari akamaliza wodi.

"Viganja na nyayo?" akauliza.

"Na kichwani."

"Mara ya mwisho ulimeza klorokwini lini?"

"Sijameza."

"Umemeza. Dawa ile ya malaria ndiyo huwasha viganja na nyayo."

"Daktari, ningejua."

Akaweka kalamu chini. "Jioni ya siku ya dawa unakula nini?"

"Uji."

"Una nini ndani?"

Sukari haikuwapo madukani, kwa hiyo uji wetu ulikuwa na asali. Asali yetu ya porini, ile nyeusi, nzito, yenye uchungu wake wa asili. Ukitia ndani yake kitu kichungu zaidi, ulimi hauoni tofauti. Nilikuwa bado natafuta jibu la kumpa daktari huku miguu yangu imekwisha kuelekea nyumbani.

Mama alikuwa barazani na kofia yake.

"Mama, unanitilia nini kwenye uji?"

"Asali."

"Na nini kingine?"

"Kingine nitakitoa wapi, na nchi yenyewe haina kitu?"

"Mama. Klorokwini."

Alichomeka sindano kwenye kitambaa, taratibu, isipotee. "Vinne vya kwanza, viwili baadaye, kama inavyotakiwa," akasema, na nilisikia fahari katika sauti yake. "Na aspirini. Vilikuwa kwenye kopo la maziwa, nimeviweka tangu mwaka juzi. Nimevisaga vizuri, hukuona hata chenga."

"Kila wiki?"

"Kila Alhamisi. Umesema mwenyewe watakupa homa. Homa ya hapa Tabora naijua mimi, si yeye. Na ni daktari gani huyo, anakaa anasubiri mtoto wa mwenzake apate homa, na akiipata afurahi?"

Ningeweza kumweleza. Badala yake nilisema maneno ambayo sitayasahau: "Utaniua, mama."

Aliingia ndani akafunga mlango. Hakuniambia neno kwa siku nne. Uji ulikuja mezani, mweupe, bila asali na bila chochote. Nilijua nimekosea, na nilijua pia niko sahihi, na vitu hivyo viwili vilikaa nami mezani kila asubuhi.

Daktari alisogeza mbele dozi ya nne kwa wiki moja, dawa za mama zipungue mwilini. Nilimuuliza kama tatu za kwanza zimeharibika. Sijui, akasema. Nikamuuliza kama chembe zangu zilisikia chochote. Huenda zilisikia, akasema, maana si kila mtu hupata homa. Lakini dawa za mama zilikuwa zimeziba masikio yetu sisi, hatukuweza kujua kinachoendelea. Nikamuuliza kama tunaweza kuanza upya. Dawa zilizobaki zilikuwa tatu tu. Nilipiga ngumi kwenye goti langu mwenyewe.

Siku ya nne ya kimya chetu, mama alikuja akakaa karibu nami. "Nieleze tena," akasema. "Ila usinieleze kama unafundisha darasa."

Nikameza mate na maneno yote ya Chuo Kikuu, nikamwambia habari za yowe. Mwizi kichakani, vijidudu vya kumshtua mtu wa kwanza, wa kwanza anaita wa pili, wote wanatoka. Homa ni miguu yao wakikimbia.

Alishika kidevu.

"Na mimi nikawaambia warudi wakalale," akasema.

"Hukujua."

"Ningejuaje? Mwezi mzima unaniambia protini, protini. Protini si maharage? Ungesema yowe, ningekuwa mtu wa kwanza kutoka nje."

Ukiugua, mweleze mtu wako kwa maneno yake. Usifanye kiburi na karatasi ya hospitali. Na kila kidonge kinachoingia mwilini mwako, daktari akijue, hata kama mpishi wake ni mama yako.

Alhamisi ya dozi ya nne, jua likiwa linazama, nilianza kusikia baridi mgongoni. Meno yakagongana. Kipimajoto kikapanda, na mimi nikacheka kama mwendawazimu chini ya blanketi. Mama alileta kitambaa cha maji akanifuta paji la uso. Nilimwona akitazama upande wa kabati, lilipo kopo la maziwa. Alikunja mikono yote miwili ndani ya kanga, akaikalia.

"Ndio hao?" akauliza.

"Ndio hao."

"Wako wengi?"

"Inaonekana."

"Basi waacheni wafanye kazi," akasema, kwa sauti kali, kama anawafukuza watu wengine barazani.

Kesho yake mchana homa ilikuwa imekwisha. Hapa nakuonya kwa dhati: homa ikipita siku moja, au ikipanda sana, usijifanye shujaa, rudi hospitali, maana vijidudu vile vikitoka nje ya kibofu ni hatari ya kweli. Ya tano ilikuja na homa. Ya sita pia, na mkojo wenye moto na vipande vidogo ambavyo niliviwaza wiki nzima. Nilipungua hadi suruali zangu zikafungwa kwa kamba. Kisha dawa zikaisha, na ikabaki kungoja mpaka mvua za kwanza ndipo tutazamwe tena. Kungoja ndiko kulikonishinda kuliko mpira, kuliko homa. Mwili una la kufanya, akili haina.

Siku ya kutazamwa mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na ujia ulijaa matope ya miguu. Mama alisema atakuja. Nikamwambia hakuna haja. Alikuwa ameshavaa.

Mzee Maganga alitangulia kuingia. Alipotoka, alikaa kwenye benchi taratibu, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Imezama," akasema. "Wananipeleka Dar wakakitoe kibofu."

Mtu huyu alipata homa zote sita. Hakukosa hata moja. Katika hesabu zangu zote, yeye ndiye alikuwa amepona, na mimi ndiye niliyezimiwa majirani nusu ya safari. Nilihisi kwamba nimedanganywa, sijui na nani. Nakwambia hili ili usije ukakaa na kipimajoto kama mimi: homa ni dalili kwamba wameitika, haisemi kama wamemkamata mwizi. (Alikwenda, akatolewa, akarudi Urambo na mfuko wake. Msimu uliofuata alipanda tumbaku, akaniletea salamu kwamba sasa yeye habani tena, anamwonea huruma kila anayebana.)

"Usinikodolee macho hivyo, msomi," akasema siku ile. "Ingia. Usije ukatuloweshea benchi."

Nikaingia. Taa ikaingia. Daktari akainama, akakaa kimya, na kimya chake nilikijua, ni kile kile cha uyoga.

"Daktari, sema."

"Ngoja."

"Daktari."

"Naona kovu," akasema. "Kovu jeupe. Sioni kingine."

"Ina maana zile tatu za kwanza..."

"Sijui."

"Au ni zile za mwisho tu..."

"Sijui, ndugu yangu. Utarudi baada ya miezi mitatu, nitatazama tena, na tena baada ya hapo. Inaweza kurudi. Leo haipo, na kibofu ni chako. Vaa suruali."

Nje, mama alikuwa amesogea akakaa karibu na Mzee Maganga, wakigawana chai ya chupa yake. Wote wawili waliinua macho. Nilimtazama mzee. Nilitafuta neno ambalo lingekuwa kweli kwa mama na lisimwumize yeye, na bila shaka ningelitafuta mpaka jioni.

"Huyu kapona," Mzee Maganga akamwambia mama. "Mtazame. Anaona haya kama bwana harusi."

"Wanakitoa?" mama akaniuliza mimi, si yeye.

"Hawakitoi."

"Sema tena."

"Hawakitoi, mama. Kinabaki."

Alifunika uso kwa kanga. Mzee Maganga akachukua kikombe mkononi mwake kisimwagike, akakinywa chote, akanipisha nikae. Kitoto kimoja upande wa pili wa ujia kilichomwa sindano kikaanza kulia kwa nguvu, na hakuna mtu aliyegeuka. Baada ya chombo kile nilikuwa na mkojo, tena mwingi, na choo kilikuwa hatua chache tu. Sikuinuka. Nilikaa kati ya watu wale wawili nikaubana, kwa raha tu ya kujua kwamba ninaweza.